Duvel ina rangi ya lager, mbona inanukia karafuu?

SWALI: Niko Antwerp, juzi nimepewa Duvel, bia ya Kibelgiji. Kwa macho ni lager kabisa, ila nikasikia peasi na karafuu, chupa inasema 8.5% na wala sio tamu. Wanaweka viungo? Na zile bia za Kibelgiji zinazoitwa blond ndo hiyohiyo?

JIBU: Kaka, hamna karafuu wala peasi humo, ni hamira hiyo. Mimi napika bia na hamira ndo kitu nachoilinda kuliko vyote. Ya lager inafanya kazi kwenye baridi, polepole, haiachi harufu nyingi, ila hii ya Kibelgiji inachachuka kwenye joto la nyuzi 20 na kitu na hapo inatoa esta, ndo hayo mapeasi na matofaa unayosikia, na fenoli, ndo karafuu na pilipili manga. Hamira ya Duvel asili yake Scotland, Albert Moortgat aliifuata huko baada ya vita ya kwanza ya dunia, na bia yenyewe ilikuwa nyeusinyeusi, hiyo rangi ya dhahabu imekuja 1970.

Sasa utamu. Kimea peke yake kikifikisha 8.5% bia inakuwa nzito mdomoni, manake kuna sukari za kimea ambazo hamira haiziwezi, zinabaki. Kwa hiyo wanaongeza sukari nyepesi, hamira inaila yote inageuka kilevi na gesi, bia inatoka kavu, alafu hopsi, yale maua ya kutia bia uchungu, inaleta uchungu kidogo mwishoni. Ndo maana ule ukali wa kilevi huusikii unakunywa tu, na chupa moja ya mililita 330 ni karibu sawa na mbili za lager ya kawaida, kuwa makini sana hapo.

Blond ni ndugu yake ila mpole. Chukua Leffe Blonde, 6.6%, utasikia mkate na kama asali hivi, utamu umebaki, uchungu mdogo. Mpaka kati ya hizo mbili sio sheria, kila kiwanda kinaandika kinavyotaka, we sikiliza ulimi: ikikauka na kuchoma kwa gesi ni golden, yaani aina ya Duvel, ikiwa laini na tamutamu ni blond.

Usiinywe ya barafu, harufu zote zinalala, itoe kwenye friji dakika kumi kabla. Mimina taratibu kwenye glasi pana iliyobana juu, povu lipande, na ile hamira iliyotuama chini ya chupa iache hukohuko.