Muulize Bwana Shamba: Vinundu vya mawaridi

SWALI: Bwana Shamba, shikamoo. Nina kitalu kidogo cha mawaridi Usa River. Miche kadhaa imeota vinundu shinani, pale udongo unapoishia, vingine vimefikia ukubwa wa limau. Nimepiga dawa ya ukungu, wapi! Mwanangu wa kidato cha tano anasema eti bakteria kaingiza DNA yake ndani ya mmea. Ananitania?
Mama Neema

JIBU: Marahaba, Mama Neema. Kijana hakutanii, na hela ya dawa imekwenda bure: huo si ukungu.

Huyo ni Agrobakteria, mkazi wa udongoni. Mkasi ukichubua shina, jeraha hutoa kemikali, naye huzifuata. Ana DNA (vinasaba, yaani maagizo ya urithi) ya ziada yenye umbo la duara, iitwayo plazmidi. Humo hukata kipande, kinatoka uzi mmoja tu, umeshikiliwa na protini kichwani, kisha huusukuma kwa mrija mwembamba hadi ndani ya seli ya waridi. Uzi huingia kwenye kiini na kujichomeka katika kromosomu, nyuzi zinazobeba DNA ya waridi lenyewe. Basi seli inaanza kutii amri za mgeni: inatengeneza homoni za ukuaji bila kipimo, ndipo inapovimba, tena inatengeneza opaini, chakula ambacho mmea haukitumii ila bakteria anakila. Kahamia, kateka jiko, na mwenye nyumba ndiye mpishi!

Kwa hiyo hata ukimuua leo, kinundu kitaendelea kukua. Wanasayansi Smith na Townsend wa Marekani walimtaja mhalifu huyu mwaka 1907, lakini kipande chenyewe cha DNA kilikuja kuonekana ndani ya seli za uvimbe wa tumbaku mwaka 1977, na Mary-Dell Chilton na wenzake. Siku hizi wataalamu humtoa jeni (vipande vya DNA vyenye amri) za uvimbe wakampakia wanazotaka wao, azipeleke ndani ya mimea.

Jirani akidai mawaridi yako sasa ni GMO, yaani yamebadilishwa jeni, muulize chai ya asubuhi kanywa na nini. Viazi vitamu vina DNA ya ukoo huu tangu enzi. Watafiti walipima sampuli 291 za viazi vinavyolimwa, wakaikuta kwa zote, wakatangaza mwaka 2015.

Sasa kazi. Ng'oa miche yenye vinundu pamoja na mizizi, choma moto, usiitupe kwenye mboji. Mkasi uupanguse kwa spiriti kila unapohama shina. Palipong'olewa usirudishe waridi wala mti wa matunda. Panda mahindi misimu kadhaa, hayo hayapati vinundu hivi.