Rejista ya Windows, /etc, plist, rc.conf: angalia thamani ipi inashinda

Mleta uzi kauliza ni mfumo upi umepanga mipangilio yake vizuri kati ya Windows, Linux, macOS na FreeBSD. Wengi wamebishania faili za maandishi dhidi ya hifadhidata. Kwangu hilo ni dogo. Uliza hivi: thamani ikiandikwa sehemu mbili ipi inashinda, inasomwa lini, na ukikosea unarudije?

Linux ndiyo inayowachanganya watu, kwa sababu kila programu ina sheria yake. Mfano ni SSH (njia ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali) kwenye seva ya Ubuntu. Unaandika "PasswordAuthentication no" mwishoni mwa /etc/ssh/sshd_config, unaiwasha upya huduma, na bado watu wanaingia kwa nenosiri. Sababu: sshd (programu ya SSH upande wa seva) hushika thamani ya kwanza anayokutana nayo, na mstari wa Include, unaoingiza faili za folda ya sshd_config.d, uko juu kabisa, kwa hiyo 50-cloud-init.conf ndani ya sshd_config.d imeshasema "yes". Weka faili lako liitwe 10-yangu.conf humo humo, pima kwa "sudo sshd -t", kisha "sudo sshd -T | grep -i passwordauth" ikuonyeshe kinachotumika kweli. Usifunge dirisha ulilomo mpaka uingie kwa dirisha la pili.

Sasa nenda /etc/sysctl.d (mipangilio ya kernel): huko ya mwisho ndiyo inashinda, ndiyo maana watu huanza jina na 99. Na /etc/sudoers.d (nani anaruhusiwa kutumia sudo) hulipuuza kimyakimya faili lenye nukta kwenye jina, basi "admin.conf" haisomwi kabisa. Kwa systemd (inayowasha na kusimamia huduma) usihariri kilichoko /usr/lib, sasisho litakifuta; tumia "systemctl edit". Ukibadilisha ExecStart (amri inayoanzisha huduma), tanguliza mstari mtupu "ExecStart=", la sivyo huduma ya kawaida itagoma ikidai kuna ExecStart zaidi ya moja.

Windows huweka mipangilio kwenye Rejista, hifadhidata yake; ina nidhamu ya aina za thamani na ruhusa kwa kila ufunguo, lakini huwezi kuandika pembeni kwa nini ulibadilisha kitu. "reg export" kabla ya kugusa ni lazima, ila fahamu kuwa kuingiza tena faili la .reg ni kuunganisha tu: thamani ulizoongeza baadaye hubaki pale pale. Na msitegemee folda ya RegBack (ya nakala rudufu za Rejista). Tangu Windows 10 toleo la 1803 faili zake huwa na KB 0, mpaka uweke EnablePeriodicBackup (aina ya DWORD, yaani namba; thamani 1) chini ya HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Session Manager\Configuration Manager na kuwasha upya.

macOS: usifungue plist (faili la mipangilio) kwa kihariri. cfprefsd, programu ya nyuma inayosimamia mipangilio, anashikilia nakala kwenye kumbukumbu na anaweza kuyafuta uliyoandika. Funga programu husika, tumia "defaults write".

Kwa uwazi naipa FreeBSD nafasi ya kwanza. Chaguo-msingi za rc.conf (faili la mipangilio ya mfumo na huduma) ziko /etc/defaults/rc.conf, haziguswi, zako ziko /etc/rc.conf, za programu ulizosakinisha kwa pkg (kisakinishi chake) ziko /usr/local/etc. Hatari yake ni kwamba rc.conf husomwa kama skripti ya sh, na alama moja ya nukuu ikisahaulika mashine inaweza kukwama wakati wa kuwaka. Andika kwa amri ya "sysrc", au ukihariri kwa mkono pitisha "sh -n /etc/rc.conf" (hukagua sintaksia bila kuendesha) kabla ya kuwasha upya.

Wa Linux, sakinisheni etckeeper leo: mabadiliko ya /etc yanaingia git (programu ya kutunza historia ya faili), na apt (kisakinishi cha Ubuntu na Debian) ikisakinisha kitu inajihifadhi yenyewe.