Taa za Gari Zikigeuka Manjano, Kusugua Ni Nusu ya Kazi

Taa za mbele zikianza kumulika hafifu, wengi hukimbilia kulaumu balbu. Wananunua mpya, wanafunga, usiku wanatoka Mtwapa kwenda Kilifi na barabara bado haionekani. Kabla hujatoa pesa, simama mbele ya gari mchana uitazame lenzi yenyewe. Ikiwa ina ukungu au umanjano, balbu haina kosa. Mwaka 2018 AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, kilipima taa zilizochakaa namna hiyo kikakuta zinatoa takriban asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Na hata huo mwanga unaopita hutawanyika ovyo ukamchoma macho dereva anayekuja mbele yako, huku wewe humwoni anayetembea kando ya lami.

Lenzi za siku hizi si kioo. Ni polikaboneti, plastiki nyepesi isiyopasuka kirahisi, lakini haiwezi jua. Mionzi ya urujuanimno huila polepole. Ndiyo maana kiwandani hupakwa tabaka jembamba, gumu, la kuikinga, na tabaka hilo ndilo linalokufa kwanza. Sasa fikiria Mombasa: jua la utosini karibu mwaka mzima, upepo wa bahari wenye chumvi, vumbi na mchanga. Isitoshe, magari yetu mengi yanashuka bandarini yakiwa yameshatumika Japani, na sheria inaruhusu hadi umri wa miaka 8. Kinga ya kiwandani inakuwa imechoka kabla hujapata nambari ya usajili.

Anza na kipimo kidogo. Osha taa kwa sabuni, kisha imwagie maji safi uitazame ikiwa ingali majimaji. Ukungu ukipotea kwa muda huo, ubovu uko juu ya lenzi na unatoka. Usipopotea, huenda uko kwa ndani, au plastiki imeingia nyufa nyembamba kama nywele. Hizo msasa hauzitoi. Na ukiona matone ndani ya taa, tafuta kwanza maji yanapoingilia.

Kazi yenyewe haitaki nguvu, inataka subira. Lifunge bodi linalozunguka taa kwa tepu ya karatasi, mizunguko miwili, kwa sababu msasa ukiteleza mara moja tu rangi ya boneti imekwenda. Tumia msasa wa maji, ule mweusi unaouzwa kwenye maduka ya rangi za magari. Msasa huuzwa kwa namba, na namba ikipanda msasa ni laini zaidi. Taa iliyochakaa sana anza na 800, yenye ukungu mwepesi anza na 1000. Uloweke, na taa uiweke majimaji muda wote. Sugua kwa kwenda mbele na kurudi kwa mstari ulionyooka, usizungushe mkono. Mwanzoni utaona uji wa manjano unachuruzika kwenye bampa kama maji ya bizari. Huo ndio uchafu wa tabaka lililokufa. Usihamie msasa laini mpaka uji uwe mweupe na lenzi nzima ina rangi moja, hata kwenye kona za juu ambako watu huharakisha. Kisha panda: 1500, 2000, na ukiupata, 3000. Kila ukibadilisha msasa, badilisha na mwelekeo wa mkono, ili uone mikwaruzo ya msasa uliopita ikiisha. Hapo taa itakuwa nyeupe kama ina maziwa, nawe utaingiwa na hofu kwamba umeiharibu. Hujaiharibu.

Hapa ndipo pananiuma. Vijana wengi wanaoosha magari mjini hupiga msasa, hupaka kompaundi, ile dawa nzito ya kung'arisha, taa inang'ara, wanapokea chao. Jirani yangu wa Kisauni aliletewa gari hivyo.

"Mzee, tazama, zimekuwa mpya!"

Nikamuuliza yule kijana, "Na juu yake umepaka nini, mwanangu?"

"Polishi."

Kaskazi haikuisha kabla taa hazijarudi manjano, tena vibaya kuliko mwanzo. Ile kinga ya kiwandani, hata ikiwa imeoza, sehemu fulani ilikuwa bado inazuia jua. Ukiimaliza kwa msasa na usiweke nyingine, umeianika plastiki tupu.

Kinga bora niliyoiona ni klia, ile rangi angavu ya juu ambayo fundi wa rangi huichanganya na hadina (dawa ya kuigandisha) na kuipulizia bodi, mradi iwe ya kuzuia mionzi ya jua. Lakini usiipulize mwenyewe nyumbani: mvuke wake una kemikali za kudhuru mapafu, unataka barakoa maalumu. Mpelekee fundi gari ukiwa umeshasugua, na usitie kompaundi, maana klia hushika vizuri penye mikwaruzo midogo na yenyewe huijaza. Ukitaka kumaliza nyumbani, piga kompaundi hadi lenzi iwe angavu, ifute kwa spiriti isiyo na mafuta, halafu paka kinga ya kufuta kwa kitambaa iliyotengenezwa kwa ajili ya taa, au bandika filamu ya plastiki inayozuia mionzi. Fanya kivulini, asubuhi umande ukishakauka. Nta ya kawaida si mbaya, ila ni ya wiki chache, uwe tayari kuirudia.

Dawa ya meno huondoa ukungu mwepesi tu. Dawa ya kufukuza mbu nakuomba uiache kabisa. Ni kweli taa hung'ara papo hapo, lakini kinachotokea ni DEET, kemikali ya kufukuza mbu iliyomo, kuyeyusha uso wa plastiki, na baadaye hubaki nata au hupasuka. Petroli na thina ni hivyo hivyo. Wala usitie balbu ya wati 100 ili kushinda ukungu. Joto lake huunguza soketi na nyaya.

Lenzi iliyosafishwa hairudi kuwa mpya kabisa. AAA walipata takriban asilimia 70 ya mwanga. Kwa anayesafiri usiku kila wiki na malori ya Mariakani, taa mpya ni gharama ya haki.

Ukishaweka kinga, egesha pua ya gari kivulini panapowezekana, na ukitoka ufukweni suuza chumvi kwa maji matamu. Tazama ukingo wa juu wa lenzi, ule unaotazama mbingu, kwa kuwa ndiko kinga huanza kufa. Ukiona weupe hapo, au maji hayafanyi tena matone yanapomwagika, pitisha 2000 kidogo na upake upya mapema, kabla hujalazimika kurudi kwenye 800.