Anazika wanasesere mchangani: maana yake nini?

SWALI: Assalaam alaykum. Mwanangu wa kiume ana miaka mitano. Tangu mimi na baba yake tuachane, anapiga wenzake chuoni na ameanza tena kukojoa kitandani. Nimemuanzisha tiba ya michezo, keshakwenda mara nne. Kila akienda anazika wanasesere mchangani, na mshauri hanambii maana yake. Jirani kanielekeza kwa mtu wa Mjini anayesoma michoro na michezo ya watoto. Kwa kikao kimoja anakwambia mtoto kafanyiwa nini na nani. Nimpeleke? — Mama, Wete

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Usimpeleke.

Kwanza mkojo. Mtoto aliyekaa mkavu miezi sita au zaidi kisha akarudia kukojoa, apelekwe hospitali apimwe maambukizo na sukari, na mweleze daktari kama anapata choo kigumu. Huenda ni talaka, lakini tusiibebeshe talaka kila kitu. Na asipigwe wala kuaibishwa kwa shuka lililorowa.

Sasa huko mchangani. "Maana yake nini?" ndilo swali ninaloulizwa na karibu kila mzazi, na ndilo linaloharibu kazi. Mtu mzima akiona mwanasesere anafukiwa, anataka tafsiri papo hapo: huyu baba, yule mimi, hapa pana siri. Mtoto wa miaka mitano anaweza kuzika kwa kuwa ameona jeneza likipita mtaani. Anaweza kuzika kwa kuwa baba katoweka nyumbani na hakuna aliyemweleza. Anaweza kuzika kwa kuwa kufukia mchanga kunampendeza, basi. Mshauri wako anaponyamaza huenda hakufichi kitu. Bado hajui, na hataki kukubunia.

Sisi washauri tunachokitazama ni mwendo wa mchezo wiki hadi wiki. Waliozikwa wanaanza kufukuliwa? Anatokea wa kuwasaidia? Au ni mchezo ule ule, uso umekaza, hauna raha wala mwisho? Huo wa mwisho ndio unaotutia wasiwasi, na hauonekani kwa kikao kimoja.

Na tiba yenyewe haimo katika tafsiri. Mtoto anakuja siku ile ile, chumba kile kile, vitu vile vile, na yeye ndiye anayeongoza. Mtu mzima anamfuata na kumtajia anachokihisi. Akininyanyulia mkono namwambia: "Umekasirika, naona. Mimi si wa kupigwa. Mto huu unaweza kuupiga." Hasira yake imekubaliwa, mpaka niliouweka haukusogea, na amepewa njia nyingine. Akiyapitia hayo mara nyingi anajifunza kukasirika bila kupiga, na hilo ndilo unalolitaka chuoni.

Mara nne ni mwanzo tu. Uchambuzi wa tafiti 93 uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulikuta manufaa makubwa zaidi kwa watoto waliofikia vikao 35 hadi 40, na zaidi pale wazazi walipofundishwa kuifanya kazi hii wenyewe. Basi omba kikao chako peke yako na mshauri. Ana wajibu wa kukueleza mtoto anaelekea wapi na wewe ufanye nini, hata kama hakusimulii kila mchezo. Mwambie akufundishe nusu saa ya mchezo nyumbani, mara moja kwa wiki. Udongo, vifuu na vitambaa vinatosha. Akitoka kwenye kikao usimuulize "leo umesema nini?" Na mwambie wazi baba anakaa wapi, atamuona lini, na kwamba kuachana kwenu si kosa lake.

Huyo wa Mjini anapiga ramli, hata akikaa ofisini na shahada ukutani. Hakuna mchoro wala mwanasesere anayeweza, peke yake, kuthibitisha kuwa mtoto kafanyiwa jambo, seuze kumtaja mtu. Mtoto mdogo akiulizwa lile lile tena na tena na mtu mzima mwenye jibu lake tayari, hulitoa jibu hilo, na baadaye anaweza kuamini kuwa limetokea. Katika kesi ya McMartin, shule ya chekechea huko California, tuhuma za kudhulumiwa watoto kingono zilianza 1983; mamia ya watoto wakahojiwa kwa vikaragosi, wanasesere na maswali ya kuwaongoza. Kesi ilikwisha 1990 bila mtu hata mmoja kutiwa hatiani. Familia zilikuwa zimeshasambaratika.

Kinachoniuma zaidi ni kuwa mtoto aliyeumizwa kweli ndiye anayepotezewa haki kwa mchezo huu wa wababaishaji, maana maneno yake yakishachanganywa na ya kwao, hakimu hawezi tena kuyatenganisha. Kwa hiyo kila mzazi anayesoma hapa: mtoto akitamka mwenyewe kuwa kuna aliyemgusa au kumuumiza, msikilize, mwambie umemuamini, usimhoji. Andika maneno yake kama alivyoyasema. Kama limetokea karibuni, usimkoshe wala usifue nguo zake. Siku hiyo hiyo mpeleke Kituo cha Mkono kwa Mkono. Vipo katika hospitali za Unguja na Pemba, na humo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanafanya kazi pamoja. Msomee dua, hilo halimdhuru. Lakini usimpitishe kwanza kwa msoma michoro, wala kwa mwenye mafusho, wala kwa anayeuza dawa ya maji ya "kumtuliza". Baadhi ya hizo huwa ni dawa za mzio zinazomlaza tu, na mojawapo, promethazine, ni hatari kwa pumzi ya mtoto wa chini ya miaka miwili.