Mjomba, na mimi nije?

Mpwa wangu, umeniuliza kwenye WhatsApp ya ukoo, mbele ya wakubwa na wadogo: "Mjomba, kweli unalipwa dola kuwahadithia Wazungu siasa za Pemba? Na mimi nije?" Wenzako wakacheka. Mimi sikucheka, maana kazi yangu ndivyo ilivyo hasa.

Nianze na pesa, najua ndiyo uliyoitaka. Shahada ya uzamivu ilinichukua miaka saba, kwa posho iliyotosha mchele na chumba cha kuchangia. Kisha miaka minne nikawa mhadhiri kibarua: dola 3,500 kwa somo la muhula mzima, bima huna, muhula ukiisha na kazi imekwisha. Ile picha ya gari uliyoipenda ni ya wakati huo. Gari la mwenye nyumba; mimi nilisimama tu pembeni. Ajira ya kudumu nimeipata nina miaka 41.

Sasa kazi yenyewe. Nilifika huku ughaibuni Agosti 2010, siku chache baada ya kura ya maoni ya Zanzibar, na swali langu mkononi. Januari 2001 watu wetu wa Pemba walipigwa risasi na polisi wakiandamana kuupinga uchaguzi, zaidi ya 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Miaka tisa baadaye, kwenye kura hiyo, Wazanzibari, asilimia 66 na ushei ya waliopiga kura, wakaikubali serikali ya umoja wa kitaifa, vyama hasimu vitawale pamoja. Watu walioumizana vile walifikaje hapo? Nikaandika ombi la fedha za utafiti, likakataliwa. Nikaliandika upya, likakataliwa tena. Mara ya tatu nikachomeka "misimamo mikali ya Kiislamu" kwenye kichwa cha habari, ndani sikubadilisha kitu. Fedha zikatoka. Sijawahi kumwambia mtu hili, na mama yako asilisome.

Darasani nako, kila mwaka kuna anayeuliza kama Uislamu unapatana na demokrasia. Namjibu kwa Senegal. Zaidi ya tisa katika kila watu kumi ni Waislamu, na rais wao wa kwanza, Senghor, alikuwa Mkatoliki. Akakaa miaka 20, akang'atuka mwenyewe. Mwaka 2000 mrithi wake, Diouf, akashindwa kwenye uchaguzi, akakubali. Mwaka 2012 Wade, aliyemshinda Diouf, akashindwa, naye akakubali. Mwaka 2024 upinzani ukashinda tena, na masheikh wa Touba, mji mtakatifu wa Waislamu wa huko, wako pale pale. Wanafunzi wanaandika vizuri, wiki ijayo swali linarudi. Rais Obiang anaitawala Guinea ya Ikweta tangu 1979, nchi ya Wakatoliki wengi, na sijasikia hata mmoja akiuliza kama Ukatoliki unapatana na sanduku la kura.

Lakini gumu zaidi si la huku. Oktoba 2015 nilikuwa Wete, kwetu Pemba, kwa utafiti, tarehe 28 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi akatangaza kwenye televisheni kwamba uchaguzi wote wa Zanzibar umefutwa. Mimi, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichofikiria ni kwamba sura yangu ya tano imepatikana. Jioni nikaenda barazani. Nilipotoa daftari, watu walioniona nikitambaa wakanyamaza, kahawa ikanywewa kimya kimya. Rafiki yake babu yako, yule wa dukani karibu na msikiti, akaniuliza taratibu: "Haya yetu unamwandikia nani?"

Nikasema namwandikia kila mtu. Uongo. Niliyoyaandika yako kwa Kiingereza, kwenye jarida ambalo kusoma makala yake moja tu ni kwa malipo ambayo yeye angenunulia gunia la unga. Kibali cha utafiti nilipewa, cha chuo na cha serikali, mihuri yote ipo. Chake yeye sikukiomba.

Kwa hiyo uje? Kama ni pesa, Muscat ni karibu, na jamaa zetu wako huko. Kama una swali linalokunyima usingizi, liandike sasa kwa Kiswahili, kabla mtu wa fedha hajalisoma, ulifiche mahali. Jifunze Kiarabu na Kifaransa, vitakufaa kuliko Kiingereza chako cha mbwembwe.

Na kabla ya yote nifanyie jambo moja. Nimekutumia faili: sura ya tatu, nimeitafsiri mwenyewe usiku, lugha imenipiga chenga kidogo. Ichapishe kwa herufi kubwa, macho yake si mazuri, umpelekee mzee dukani. Akisema nimekosea mahali, uniandikie alivyosema, neno kwa neno.