Maswali ya Wasomaji: Swichi za Kikomo na za Homu kwenye Mashine ya CNC

Swichi za kikomo huzuia mashine kupita mwisho wa njia yake, na za homu huionyesha mahali pa kuanzia hesabu. Barua tatu za safari hii zote zinahusu mashine za CNC (zinazoongozwa na kompyuta) zinazoendeshwa na programu ya GRBL 1.1 juu ya bodi ndogo ya Arduino Uno. Mwenye programu nyingine aangalie namba za mipangilio kwenye kitabu cha mashine yake kabla ya kufuata tulizotaja hapa.

SWALI: Wahariri, salaam. Nimeundiwa mashine ya kuchonga mbao ya sentimita 60 kwa 90, ina Arduino Uno na bodi ya CNC Shield V3. Haina swichi hata moja. Nimenunua mikroswichi sita zenye miguu mitatu. Niziunge NO au NC? Halafu ile ya Z (mhimili wa juu na chini) niliyoijaribu haifanyi kitu kabisa.
– Seremala, Mwanza

JIBU: Ndugu seremala, ziunge NC, yaani tumia mguu wa COM (wa pamoja) na wa NC, na ule wa NO uache wazi. Hapo umeme unapita muda wote, na swichi ikibonyezwa njia inakatika. Faida yake ni kwamba waya ukikatika, skrubu ikilegea au panya akitafuna, mashine inaona sawasawa na swichi iliyobonyezwa, basi inasimama. Ukiunga NO, ambapo umeme unapita swichi ikibonyezwa tu, waya uliokatika haukupi dalili yoyote. Utagundua siku mota itakapousukuma mhimili hadi mwisho ukagonga fremu.

Swichi mbili za mhimili mmoja ziunge kwa mfululizo. Toka pini ya ishara hadi COM ya swichi ya kwanza, toka NC yake hadi COM ya pili, kisha NC ya pili irudi GND (upande hasi wa umeme wa bodi). Wengi hukosea hapa. Kwenye bodi yako nafasi ya X+ na ya X- zimeungana, zote ni pini 9 ya Arduino, kama zile za Y zilivyo pini 10. Ukichomeka swichi moja X+ na nyingine X- umeziunga sambamba, na kwa NC hiyo ni kazi bure, maana ukibonyeza moja, nyingine bado inapitisha umeme na mashine haijui kitu.

Kuhusu Z, swichi yako huenda ni nzima. Bodi za V3 zilichapwa wakati Z ilikuwa pini 11. Matoleo ya baadaye ya GRBL yaliipa pini hiyo kazi ya kurekebisha kasi ya mota ya kukatia, na Z ikahamia pini 12. Kwa hiyo waya wa ishara wa Z uchomeke palipoandikwa SpnEn, na mwingine GND.

Ukimaliza, andika $5=1 ili GRBL ijue kwamba swichi ni za NC. Mpangilio huu unashika mihimili yote kwa pamoja, hivyo huwezi kuchanganya X ya NC na Z ya NO. Kama kuna mhimili usio na swichi bado, unganisha pini yake na GND kwa kipande cha waya, la sivyo itasomeka imebonyezwa daima.

Kabla mota haijazunguka hata mara moja, fanya jaribio hili. Zima umeme wa mota, acha USB tu, weka $21=0 (kinga ya kikomo imezimwa), kisha tuma alama ya kuuliza (?). Jibu likiwa halina herufi Pn, zinazotaja pini zilizobonyezwa, swichi zote zimetulia. Bonyeza swichi ya X kwa kidole, tuma tena, uone Pn:X. Rudia kwa zote sita, moja baada ya nyingine. Ukiona Pn:XYZ bila kugusa kitu, $5 iko kinyume. Swichi ikipita jaribio hili ndipo weka $21=1, mashine isimame inapogonga kikomo.

Jambo la mwisho ni la ufungaji. Usiifanye swichi kuwa kizuizi cha kupokea uzito wa mashine. Ifunge pembeni ya njia, mkia wake (kibati kinachobonyezwa) upandwe na kipande chenye mteremko kinachopita, na mhimili ubaki na milimita 3 hivi za kwenda baada ya mlio wa swichi.

SWALI: Mashine ya chuo chetu ina mota ya kukatia ya 2.2 kW inayoendeshwa na VFD (kifaa cha kubadili kasi ya mota). Tukiiwasha tu, inatokea ALARM:1 (tahadhari ya kikomo kuguswa) na kazi inakatika, na hakuna swichi iliyoguswa. Tumeongeza $26 kutoka 250 hadi 1000, hakuna nafuu.
– Mwalimu wa ufundi, Nakuru

JIBU: Mwalimu, rudisheni $26 ilikokuwa. Inahusu muda wa kusubiri wakati wa homu tu. Kinga ya kikomo inafanya kazi kwa njia nyingine: pini ikibadilika hali kwa kitambo kidogo sana, GRBL inakata mapigo ya mota papo hapo. Waya wa swichi wenye mita mbili unaopita kando ya waya wa VFD unaokota kelele za umeme kama antena, na rezista iliyo ndani ya Arduino, ya kilo-omu 20 hadi 50, ni dhaifu mno kuishikilia pini.

Anzeni na njia za waya, kwa sababu hazina gharama. Toeni waya za swichi kwenye mnyororo wa plastiki zinamopita waya za mota. Zikilazimika kukutana, zikatane kwa pembe mraba. Tumieni waya wenye wavu wa kinga, na wavu uungwe GND upande wa bodi peke yake. Ukiungwa pande zote mbili unaweza kupitisha mkondo na kuongeza tatizo. Waya wa VFD kwenda kwenye mota nao uwe wa kinga, na mwili wa mota uwe na waya wa ardhi.

Kisha, kwa kila pini ya kikomo, wekeni rezista ya kilo-omu 4.7 kati ya ishara na 5V, na kapasita ya 100 nF kati ya ishara na GND, karibu kabisa na bodi. Ucheleweshaji wake ni kama nusu milisekunde. Kwa mwendo wa milimita 500 kwa dakika, mashine inasogea takriban milimita 0.004 katika muda huo, haionekani kwenye mbao.

Kwa VFD ya ukubwa huo, suluhisho tunalolipendelea ni optokapla (kifaa kinachopitisha ishara kwa mwanga) kama PC817. Swichi za NC ziendeshwe na usambazaji wa 12V ulio peke yake, kupitia rezista ya kilo-omu 1 hadi kwenye taa ya optokapla, na kolekta iende pini ya Arduino, emita GND. Mkondo unakuwa kama miliampia 10, na kelele ndogo haziwezi kuuiga. $5 inabaki 1.

Baada ya ALARM:1 yoyote, fanyeni riseti halafu $H (amri ya kwenda homu). Mhimili uliokatwa ghafla huteleza hatua kadhaa, na $X inafungua mashine bila kusahihisha mahali ilipo.

SWALI: Kimashine changu cha 3018 (cha sentimita 30 kwa 18) nikituma $H, Z inapanda vizuri, halafu X inakwenda kulia, na swichi iko kushoto. Nilibadili $3 ikaenda kushoto, lakini sasa maandishi yanatoka yamegeuka kama ya kwenye kioo. Mara nyingine napata ALARM:8.
– Mchonga mihuri, Mombasa

JIBU: Ndugu, rudisha $3, hiyo ni ya mwelekeo wa kazi. Sogeza kwa vitufe uhakikishe kwamba X+ inapeleka kikatio kulia na Z+ inakipandisha. Kwa Y+, meza ya 3018 inapaswa kuja kwako, kwa kuwa ni meza inayotembea. Hapo ndipo ugeuze upande wa homu kwa $23: X ni 1, Y ni 2, Z ni 4, unajumlisha. Swichi zikiwa kushoto na mbele, weka $23=3.

ALARM:8 maana yake ni kwamba mashine imerudi nyuma kwa umbali wa $27 na bado swichi imebonyezwa. Milimita 1 ya kiwandani haitoshi kwa mikroswichi yenye mkia mrefu, weka $27=3. Ikiwa una swichi pande zote mbili, usitume $H mashine ikiwa imekalia ile ya mbali. GRBL haitofautishi swichi mbili za pini moja. Itadhani imefika homu, halafu itarudi nyuma kuelekea ukingoni. Tuma $X, isogeze katikati, kisha $H.

Usishtuke pia X ikisoma -287 baada ya homu huku $130 (urefu wa njia ya X) ikiwa 290, kwani zile 3 za $27 zimeondolewa. GRBL huhesabu eneo lote kwa namba hasi, na sifuri ya kazi yako utaiweka mwenyewe juu ya mhuri.