Muulize Mfamasia: Chai ya kijani na kitambi kisichobanduka

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 41. Huu ni mwezi wa nne nakunywa chai ya kijani, vikombe sita kwa siku: cha kwanza alfajiri tumbo likiwa tupu, vingine kila nikimaliza kula, cha mwisho nikienda kulala. Niliambiwa inakata kitambi, inasafisha mwili na inakinga saratani. Kitambi hakijatikisika. Badala yake nikiinuka ghafla nasikia kizunguzungu, na usiku nakodolea dari macho. Shoga yangu kaniletea vidonge vya chai hiyo hiyo, anadai vina nguvu zaidi. Nivimeze? – Mama wa Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Vidonge usivimeze. Viache kabatini, nitavirudia. Tuanze na kitambi, maana ndicho kilichokuingiza kwenye haya yote.

Chai ya kijani haikati kitambi. Mwaka 2012 wachambuzi wa Cochrane, watu ambao kazi yao ni kukusanya majaribio ya tiba na kuyapima kwa pamoja, walipitia yale ya chai ya kijani na uzito. Uzito uliopungua ulikuwa mdogo kiasi cha kutokuwa na maana kwa afya ya mtu. Hilo la kusafisha mwili nalo waachie wanaouza. Una ini na figo, zinaifanya kazi hiyo usiku na mchana. Unachokiona wewe ni safari za chooni, na mtu akinywa vikombe sita vya kitu chochote lazima aende.

Lakini usije ukaimwaga. Majani yake yanatoka kwenye mmea ule ule wa chai nyeusi. Tofauti ni haraka tu: yakishachumwa hupitishwa kwenye mvuke au hukaangwa kwenye chombo kikavu, yasipate nafasi ya kugeuka kahawia kama tunda lililomenywa. Kwa hiyo yanabaki na katekini nyingi, zile zinazoacha ukakasi mdomoni. Anayeinywa mara kwa mara hupunguza kolesteroli mbaya, ingawa kidogo. Huko Japani watafiti waliwafuatilia watu wazima 40,530 katika eneo la Ohsaki, matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Waliokunywa vikombe vitano au zaidi kwa siku walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu kwa kiwango cha chini kuliko wale wasiofikisha hata kimoja. Kwa vifo vya saratani hapakuwa na tofauti ya maana. Nami huwa najiuliza: mtu mwenye subira ya kunywa vikombe vitano vya chai isiyo na sukari kila siku, huenda na mengine anayafanya vizuri. Sifa zote tusiipe chai.

Sasa kizunguzungu. Hapa nitakaa kidogo, maana yalinikuta.

Nilipokuwa bado kazini nilikuwa na chupa ya chai ya kijani chini ya kaunta. Nikimaliza kula, kikombe. Nikaanza kuhema kwa kupanda ngazi chache tu, kucha zikawa zinakatika zenyewe. Kupimwa damu, ikasoma 9. Nikaandikiwa vidonge vya madini ya chuma, na mimi, mfamasia mzima, nikawa navisukumia na chai ile ile iliyokuwa karibu na mkono. Baada ya miezi miwili damu ilikuwa pale pale. Aliyenishtua ni binti mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Alinitazama nikimeza, akauliza kwa adabu zote, "Mama, hivyo si ulituambia vinamezwa na maji?" Mganga hajigangi.

Katekini hunasana na madini ya chuma tumboni, hasa yale yanayotoka kwenye maharage, nafaka na mboga za majani, na mengi yakapita bila kufyonzwa. Ya kwenye nyama hayasumbuliwi sana. Kwa hiyo ukishakula, ipe chai saa nzima ya kusubiri. Vidonge vya damu vimeze na maji, au juisi ya chungwa. Mwanamke anayepata hedhi nzito ndiye wa kuwa mwangalifu zaidi, kwa kuwa akiba yake ya chuma ni ndogo tangu mwanzo. Ila yangu yasiwe kipimo chako: kizunguzungu cha kuinuka chaweza kuwa presha, chaweza kuwa damu, chaweza kuwa huo usingizi unaoukosa. Kapime presha na damu, wiki hii hii.

Usingizi sina haja ya kuuchunguza. Kikombe kimoja kina kafeini ya miligramu 30 hivi, kama theluthi ya kikombe cha kahawa. Baada ya saa tano bado nusu yake inazunguka mwilini, na wewe unakunywa kingine ukiwa umeshavaa nguo za kulalia! Cha mwisho kiwe saa nane mchana. Hicho cha alfajiri nacho kisogeze, kwenye tumbo tupu huwaletea wengi kichefuchefu.

Tena usiinywe ikifuka moshi. Mwaka 2016 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kilisema vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la juu ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Itakuwa ajabu kuikimbia saratani kwa kuunguza koo. Mimi maji yakichemka naepua, nafunua birika, nasubiri dakika tano ndipo nimimine juu ya majani. Dakika mbili nyingine nachuja. Yakikaa zaidi ya hapo chai inakuwa chungu, halafu mtu anatafuta sukari.

Na vile vidonge. Vinakamua katekini za vikombe vingi kuzitia kwenye kimoja. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba miligramu 800 au zaidi kwa siku za katekini kuu ya chai hii, EGCG, zikitoka kwenye vidonge, zinaweza kulijeruhi ini. Mrudishie shoga yako, na umwambie asome kopo. Akiona macho ya njano au mkojo wa rangi ya chai nyeusi, asingoje asubuhi.

SWALI: Baba yangu anameza warfarini baada ya damu kuganda mguuni. Aache chai ya kijani? – Binti Mkubwa

JIBU: Kama amezoea kikombe kimoja au viwili, aendelee hivyo hivyo na aiambie kliniki inayompima damu. Hatari ni kubadilika ghafla, leo hana kikombe, kesho anavyo vinane. Majani hayo yana vitamini K, inayopingana na dawa yake. Yakichujwa, kiasi kinachoingia kikombeni ni kidogo. Matcha ni habari nyingine, pale anameza jani lenyewe likiwa unga, na huo unga asiuanze bila kuwauliza.

SWALI: Majani yaliyokwisha kutumika naweza kuyamiminia maji tena? – Mbana Matumizi

JIBU: Unaweza, hata mara ya tatu kama majani ni mazuri. Mara ya pili ladha inakuwa laini na kafeini imepungua. Ila yakilala kikombeni hadi kesho yake, yape maua.